Mnyama Amekufa Ghafla Zizini: La Kufanya Kabla Hujashika Kisu

Simu zenyewe huja usiku. "Shikamoo bwana mifugo, samahani kwa usumbufu. Ng'ombe wetu alikuwa mzima kabisa, jioni kala pumba zake zote, sasa hivi ameanguka anatupa miguu. Kijana anauliza, tumwahi?"

Tumwahi. Mfugaji yeyote wa Chanika, Goba, Kibamba au Toangoma anajua neno hilo lina maana gani: kisu kipite kabla roho haijatoka, mnyama asife kibudu, nyama isiwe haramu na hela isipotee. Kwa ng'ombe aliyevunjika mguu, sina neno. Kwa ng'ombe aliyeanguka ghafla bila sababu unayoijua, hapo ndipo kimeta (anthrax), ugonjwa unaotoka kwa mnyama kuja kwa mtu, kinapoingia nyumbani kwa watu.

Nimejibu swali hilo mara nyingi mno, na baada yake hufuata mengine yaleyale: nikichemsha sana si inafaa? Nikitupa bandama na matumbo nikabaki na mnofu? Dar kwani kuna kimeta? Nimeona niandike yote mahali pamoja, ukipatwa ufungue usome.

Kuhusu hilo la mwisho: Dar es Salaam haisifiki kwa kimeta. Matukio mengi yanayoripotiwa nchini hutoka kaskazini, Arusha, Manyara na Kilimanjaro, kwa wafugaji wanaopakana na wanyamapori. Lakini Dar inakula ng'ombe wasiozaliwa Dar. Mnada wa Pugu unapokea malori kutoka mikoani, na wapo wanaonunua pale mbuzi wawili watatu wakaenda kuwafuga uani. Ugonjwa ni nadra, kweli. Vifo vingi vya ghafla utakavyoviona ni vya magonjwa mengine kama ndigana kali (inayoenezwa na kupe), chambavu na maji moyo, tumbo kujaa gesi, nyoka, au mbuzi aliyevamia majani mabichi ya muhogo. Tatizo ni kwamba ukiwa umesimama na tochi saa tano usiku huwezi kutofautisha, na ukishapasua ili utofautishe umeshachelewa.

Nadharia ni hii tu, sitaongeza. Kimeta husababishwa na bakteria. Ndani ya mzoga uliofungwa, bakteria hao hawapati hewa, na uozo wenyewe huwamaliza kwa siku chache. Ukipasua, damu ikakutana na hewa, hugeuka kuwa spora: mithili ya mbegu yenye ganda gumu, isiyojali jua, mvua wala kiangazi, inayokaa udongoni miaka na miaka. Waingereza walijaribu silaha ya kimeta kwa kondoo kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, mwaka 1942. Kisiwa hicho kilitangazwa salama mwaka 1990, na ni baada ya kukinyunyizia dawa. Sasa fikiria uani kwako, mahali watoto wanapocheza kombolela.

Vya kuwa navyo kabla hujafikwa

Usisubiri ng'ombe aanguke ndipo uanze kutafuta namba. Andaa leo:

- Namba ya bwana mifugo wa kata yako, na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ziandike ukutani pale zizini, kwa sababu simu yako itakuwa imezima chaji siku hiyohiyo.
- Namba 199, ya bure, ya Wizara ya Afya. Hiyo ni kwa ajili ya watu walioshika au waliokula.
- Turubai au nailoni nzito ya kumfunika ng'ombe mzima, pamoja na mawe au matofali ya kuikandamizia.
- Glovu pea kadhaa, mabuti ya mpira, na nguo chakavu zenye mikono mirefu ambazo hutazililia zikichomwa.
- Matambara au pamba, sabuni, ndoo, na dawa ya klorini ile ya kufulia.
- Kipimajoto cha mifugo.
- Daftari la chanjo: mnyama yupi, lini, alichanjwa nini, alinunuliwa wapi. Kama alitoka mikoani, weka na nakala ya kibali cha kusafirisha.

Hatua

1. Weka kisu chini, ondoa watu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, ndiyo maana imekaa ya kwanza. Mnyama akianguka Dar, ndani ya robo saa utakuwa na majirani kumi, wawili kati yao wakiwa mafundi wa kuchinja. Waambie wazi: huyu hachinjwi, hachunwi, hapasuliwi, mpaka mtaalamu afike. Kama bado anatapatapa, muache. Inauma, najua. Lakini damu ya ng'ombe wa kimeta anayekata roho imejaa bakteria hadi pomoni, na ukimchinja wakati huo utaimwaga yote chini, mikononi na miguuni.

Wanaohofia kibudu huwa nawaambia hivi: ukishaamua kwamba hapa hakuna atakayekula, suala la kumwahi limekufa lenyewe.

Fungia mbwa, fungia kuku. Asubuhi weka mtu wa kufukuza kunguru. Kunguru wa mji huu hawangoji kualikwa, na wao huanza na macho.

2. Tazama bila kugusa. Simama hatua tatu nne, mulika. Dalili zinazotia shaka ni hizi:

- Damu nyeusi kama lami inayotoka puani, mdomoni, haja kubwa au sehemu za uzazi, na haigandi.
- Mzoga unavimba upesi kupita kawaida.
- Miguu haikakamai sawasawa kama ya mzoga wa kawaida.
- Jana alikuwa mzima, au alionekana na homa kali na kutetemeka kwa saa chache tu.

Damu isiyoganda ikionekana, chukulia ni kimeta hadi maabara iseme vingine. Isipoonekana, usishangilie. Wapo wanaokufa na kimeta bila kutoa tone. Piga picha mbili kwa simu, moja ya mnyama mzima na moja ya kichwani, ukiwa palepale uliposimama.

3. Piga simu. Mpigie bwana mifugo wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa. Sema mambo matano: uko wapi, mnyama gani, amekufa saa ngapi, damu inatoka au haitoki, nani ameshamgusa. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa sheria ya magonjwa ya wanyama ya 2003. Hapo hauombi hisani ya mtu. Wengi huogopa kwamba zizi litafungiwa. Linaweza kuwekewa karantini, ndiyo. Mimi nimeona yaliyompata aliyeficha akapoteza wa pili na wa tatu wiki hiyohiyo.

4. Funika, uache palepale. Vaa glovu, mabuti na nguo za mikono mirefu. Kama una jeraha mkononi, hata la kukatwa na wembe, mpe kazi mwingine. Ziba pua, mdomo na haja kubwa kwa matambara uliyolowesha klorini, usisukume ndani sana. Funika kwa turubai, kandamiza pembeni pote. Usimburute. Ukimburuta utachora mstari wa damu kutoka zizini hadi getini, na mstari huo hutauona tena mvua ikinyesha.

Wanyama hai ndio wahame. Watoe kwenye zizi hilo, uwape maji na majani ya kwingine. Pumba iliyobaki kwenye hori usiwape.

Maziwa ya ng'ombe aliyekufa, yale ya asubuhi au jioni iliyopita, yaache kwenye chombo chenye mfuniko, wala usimpelekee mteja. Bwana mifugo ataamua yatupwe vipi.

5. Acha sampuli ichukuliwe na mwenye kazi yake. Mtaalamu hahitaji kupasua. Tone la damu kutoka mshipa wa sikioni linatosha: hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Sampuli za Dar hazina safari ndefu, maabara kuu ya mifugo ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iko hapahapa, Temeke Veterinari. Usijitolee kukata sikio ukaliweka kwenye mfuko wa rambo na kumkabidhi bodaboda. Nimeshaletewa sikio la namna hiyo, kwenye mfuko uliovuja, na yule kijana wa bodaboda alikuwa ameuning'iniza kwenye usukani tangu Mbezi.

6. Mzoga uondoke kwa amri ya mtaalamu. Njia ni mbili, kuchoma hadi majivu au kuzika. Kuchoma ni bora zaidi, lakini kunataka kuni nyingi na nafasi, na kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini huko Tabata huwezi. Kuzika kunataka shimo la mita 2 kwenda chini, mzoga ushushwe mzimamzima pamoja na majani, samadi na udongo uliolowa damu. Hapo Dar ina mtihani wake. Kigamboni na maeneo mengi ya bonde ukichimba mita moja unakutana na maji, na jirani ana kisima. Ndiyo maana nasema usichimbe kwa hisia zako. Manispaa ndiyo iamue mahali, na ndiyo ilete gari la kubebea. Mzoga huu hausafiri kwa guta.

Kwa mazoea watu humwaga chokaa kwenye shimo. Kwa kimeta, Shirika la Afya Duniani halipendekezi, kwani kalsiamu ya chokaa inaweza kuzisaidia spora kudumu. Dawa ya udongo ni formalini, na hiyo hupigwa na wataalamu wenye vifaa. Ni sumu, isiletwe na fundi wa mtaani.

Weka alama pale mahali. Mjukuu wako akitaka kujenga choo hapo, ajue.

7. Safisha mwili na vitu. Nawa mikono na miguu kwa sabuni na maji yanayotiririka, sugua hadi kwenye kucha. Sabuni haiui spora, inaziondoa mwilini, na hilo ndilo unalotaka. Vile vitakasa mikono vya spiriti tulivyozoea wakati wa korona havifui dafu kwa spora, usivitegemee. Klorini nayo huishiwa nguvu ikikutana na damu na samadi, kwa hiyo ondoa uchafu kwanza, ndipo umwagie. Vifaa vya chuma vichemshe nusu saa kwenye sufuria iliyofunikwa, ambayo haitarudi jikoni. Glovu, matambara na nguo chakavu viende na mzoga.

8. Angalia waliobaki. Pima joto asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Ng'ombe mwenye afya huwa kwenye nyuzi 38.5 hivi, akipanda hadi 40 au 41 mwite mtaalamu saa hiyohiyo, kwani akiwahiwa penisilini anaweza kupona. (Kuwahiwa kwa namna hii sina ugomvi nako.)

Chanjo ipo, na ni ya mara moja kwa mwaka. TVLA hutengeneza chanjo hiyo kwenye kituo chake cha Kibaha. Kosa ninalolikuta kila mara: mfugaji kachanganyikiwa, kamchoma ng'ombe antibiotiki leo na kesho anataka chanjo. Chanjo ya kimeta ni bakteria hai waliodhoofishwa, antibiotiki inawaua na hela yako imekwenda bure. Mtaalamu atapanga kipi kitangulie na mkae siku ngapi. Anayeuliza kama chanjo ina faida, nchini Zimbabwe vita viliposimamisha chanjo mwishoni mwa miaka ya 1970, kimeta kililipuka hadi watu zaidi ya 10,000 wakaugua.

9. Andika orodha ya watu. Kila aliyegusa, aliyeshika mguu, aliyefua nguo, aliyekula. Majina na namba za simu. Orodha hiyo mpe bwana mifugo na kituo cha afya. Zaidi ya asilimia 95 ya wanaougua kimeta hukipata kwenye ngozi, mara nyingi ndani ya wiki moja. Huanza kama kipele kinachowasha, unadhani umeumwa na mdudu. Kinakuwa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati, pembeni pamevimba. Na hakiumi. Hiyo ndiyo inayowaponza watu, maana mtu hutembea nacho siku tano akisema "kwani kinauma basi?"

Kwa waliokula: homa, kutapika, tumbo kuuma sana, kuharisha damu; wengine koo na shingo huvimba. Huyu asingoje kupambazuke.

Ukifika hospitali usiseme "nina kidonda". Sema: "Nilishika ng'ombe aliyekufa ghafla, siku fulani." Daktari wa mjini anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona kimeta, na bila sentensi hiyo atakutibu jipu. Dawa zipo na ni za kawaida. Kimeta cha ngozi bila tiba kinaweza kuua hadi mtu mmoja kati ya watano. Kikitibiwa mapema ni nadra kuua. Usiminye kidonda, usikichane, usipake majivu. Mgonjwa mwenyewe msimkimbie, kimeta hakiambukizi hovyo kutoka mtu kwenda kwa mtu. Funikeni kidonda tu, na anayekihudumia avae glovu.

Mambo yakienda kombo

*Kisu kimeshapita.* Simu nyingi huwa za namna hii, tusidanganyane. Simamisha kazi hapo ilipofika. Usiendelee kuchuna "kwa kuwa tumeshaanza". Rudisha kila kilichotoka, ngozi, kichwa, utumbo, mahali pamoja, funika, kisha nenda hatua ya 3. Mlioshika mnawe na mwende kituo cha afya leo, msingoje kipele; daktari anaweza kuwaanzishia dawa za kinga.

*Nyama imeshagawiwa.* Zunguka nyumba kwa nyumba uirudishe. Ni aibu ya nusu siku. Iliyoko kwenye friji, irudi na mfuko wake. Mmoja aliniambia yeye kampa mama wa supu kilo nne na anaona haya kumfuata. Tulimfuata wote wawili, saa kumi na mbili asubuhi, sufuria ikiwa jikoni imeshaanza kuchemka. Yule mama hakututukana, alichouliza ni nani atamlipa kilo nne zake. Alilipwa.

*"Nitaichemsha sana."* Unaweza kuwa na moto wa kutosha, lakini kabla ya moto kuna mkono wako, kisu, kibao cha kukatia, sinki, na kachumbari inayokatwa kwenye kibao hichohicho. Mnofu wa mishikaki ndani hubaki mbichi. Na kutupa bandama hakusaidii, maana damu ilishapita mwili mzima.

*Bwana mifugo hapokei.* Mwenyekiti wa mtaa anayo namba ya ofisi ya mifugo ya manispaa. Ukikosa kote, mzoga uliofunikwa vizuri, usiopasuliwa, unaweza kulala hadi asubuhi. Uliopasuliwa ndio usiolala.

*Amekuja dalali, anatoa laki mbili, anasema ana bucha lake.* Huyo hupewa habari na vijana wa zizi lako mwenyewe. Mnyama halali wa nyama hupita machinjioni, Vingunguti au kwingine, akakaguliwa akiwa hai na akiwa amechinjwa, akapigwa muhuri. Wako hana muhuri, na ukipokea laki mbili wewe ndiye muuzaji. Mpe jina lake mwenyekiti wa mtaa.

*Mbwa ameshalamba damu.* Mbwa huhimili kimeta kuliko ng'ombe na mbuzi, lakini mdomo na manyoya yake hubeba. Mfungie, asilambe watoto, mtaje kwa mtaalamu akifika.

*Majibu ya maabara yamesema si kimeta.* Vizuri. Sasa uliza ni nini. Kama ni ndigana kali, una kazi ya kupe, na kupe hao bado wako kwenye zizi.